Kesi ya talaka Dodoma: matunzo ya watoto mahakama inayapangaje, na gharama za wakili analipa nani?

MamaWawili
Shikamooni wakubwa, na wengine habari za jioni. Miaka yote nimekuwa msomaji tu humu ndani, leo yamenifika mwenyewe.

Niko Dodoma, Nkuhungu. Ndoa yetu ni ya kanisani, huu mwaka wa kumi na moja. Watoto wawili: mkubwa ana miaka 9, yuko darasa la tatu shule ya kulipia; mdogo ana 5. Baba yao ni dereva kwenye taasisi moja ya umma, ajira ya kudumu, na ana pikipiki mbili amewapa vijana wanamletea hesabu. Mimi nina genge la mboga na nafaka. Tangu Oktoba kahamia Ihumwa kwa mtu mwingine. Si siri tena, hadi mchungaji anajua.

Juzi kaja kuchukua nguo zilizobaki. Nikamuuliza, na watoto? Akasema: "Nitatuma elfu hamsini kwa mwezi. Ukiona haitoshi nenda mahakamani, lakini ukishindwa gharama za wakili wangu utalipa wewe, na genge litauzwa." Akaongeza kwamba mkubwa atahamia shule ya serikali, kule hakuna ada.

Nimemwona wakili mmoja mjini, kaniambia milioni mbili, nusu nianze nayo. Mtaji wangu wote haufiki hiyo nusu. Naombeni msaada: mahakama inatumia kipimo gani kupanga hela ya watoto? Na ni kweli nikishindwa nauziwa genge?

BwanaMajengo
Elfu hamsini watoto wawili mwezi mzima? Aje nayo hapa sokoni Majengo Jumamosi moja tu, tuone kama atarudi na bajaji au kwa miguu.

MlimajiHombolo
Binti yangu, kabla hujafika huko, wazee wamekaa? Ng'ombe walitoka kwao wakaja kwenu, kwa hiyo kuna watu walioshuhudia na wana deni la kusema neno. Mahakama ni kama kuita zimamoto: moto utazimika, ila godoro nalo litalowa.

MamaWawili
Mzee wangu, wazee wamekaa mara tatu. Mara ya tatu hakuja, alituma nauli ya wazee kwa simu.

BwanaMajengo
Nauli ya wazee anayo, ya watoto hana 😂

BintiKondoa
Pole dada. Mimi yalinikuta miaka minne iliyopita na sikuwa na wakili hata wa dawa. Ndoa yangu ni ya Kiislamu. Tulianzia BAKWATA, lile baraza la Waislamu, vikao viwili. Cha kwanza mume alikaa nusu saa, cha pili hakutokea, wakaniandikia kuwa usuluhishi umeshindikana. Hiyo karatasi ndiyo tiketi. Nikaenda nayo mahakama ya mwanzo, nikajieleza mwenyewe kwa Kiswahili changu hiki hiki.

Kilichoniponza nitakuambia, ili kisikuponze na wewe. Nilisimama pale nikamwaga yote: alivyonipiga, alivyonitukana mbele ya shemeji zangu, alivyouza mbuzi wangu. Hakimu akasikiliza bila kunikatisha. Tulipofika kwenye matunzo akauliza, "Mama, mtoto anatumia unga kilo ngapi kwa mwezi?" Nikanyamaza. Mtoto ana miaka sita, unga nimepika kila siku ya maisha yake, kilo sizijui! Nikasema, "Unga mwingi tu mheshimiwa." Watu wakacheka. Baba yake akasema yeye ni kibarua, hana kitu. Nikapangiwa elfu arobaini.

KaraniMstaafu
Mwanangu MamaWawili, nimekaa masjala za mahakama miaka mingi: Manyoni, Singida, nikamalizia hapa Dodoma. Mimi si wakili, kwa hiyo mawakili wakipita humu wanisahihishe. Lakini majalada ya ndoa yamepita mikononi mwangu hadi nikawa najua kwa kulipima unene tu kama hawa watu wana nyumba au hawana.

Kwanza futa neno "ukishindwa". Matunzo ni haki ya mtoto, wewe umemshikia tu. Sijawahi kuona hakimu akiuza genge la mama kwa sababu ameuliza watoto watakula nini.

Pili, una njia mbili na watu wengi huzichanganya. Kama unataka matunzo tu, talaka bado hujaamua, Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inakuruhusu kupeleka maombi Mahakama ya Watoto. Unaanza kwa ofisa ustawi wa jamii wa halmashauri, yeye hufanya uchunguzi wa kijamii: anafika nyumbani, anaona mtoto analala wapi, anaongea na baba. Mara nyingine baba akimwona ofisa mlangoni tu anaanza kutuma hela. Njia hii haidai karatasi ya baraza la usuluhishi.

Kama unataka talaka, ni Sheria ya Ndoa ya 1971, na hapo kifungu cha 101 kinakutaka upite kwanza Baraza la Usuluhishi la Ndoa. Linaweza kuwa la kata au la dini yenu. Zipo sababu za kusamehewa, mfano mwenzako hajulikani alipo, lakini wako anajulikana hadi nyumba. Hakikisha unapewa hati halisi, yenye majina yenu sawasawa na inayosema wazi kuwa baraza limeshindwa kuwapatanisha. Barua ya mchungaji ya "nawatakia amani" si hati. Kuna mashauri yaliyofika hadi Mahakama ya Rufani, watu wametumia miaka na mamilioni, yakafutwa yote kuanzia mwanzo kwa sababu ya kasoro ya karatasi hiyo.

Sasa kipimo. Hatuna jedwali la kusema mtoto mmoja ni shilingi kadhaa. Zamani kulikuwa na sheria ya mtoto wa nje ya ndoa iliyoweka kikomo cha shilingi 100 kwa mwezi, na kikomo hicho kilikaa pale hadi shilingi mia ikawa haitoshi pipi. Ilifutwa na hiyo hiyo Sheria ya Mtoto ya 2009. Siku hizi hakimu anapima. Sheria ya Ndoa, kifungu cha 129, inamtwisha baba: malazi, mavazi, chakula na elimu kwa kadiri ya uwezo wake na hali yake ya maisha, watoto wawe kwake au kwa mtu mwingine. Sheria ya Mtoto, kifungu cha 44, inafungua mifuko yote miwili: kipato na mali za wazazi wote, kama uwezo wa mlipaji kuzalisha umepungua, watoto wengine anaowatunza, na gharama za maisha za mahali mtoto anapoishi. Hilo la mwisho msilidharau. Nkuhungu si Mpwapwa, na Dodoma ya leo si ile kabla serikali haijahamia. Kodi ya chumba tu itakusimulia.

Kwa hiyo genge lako nalo litatazamwa. Usilifiche. Mama aliyeficha genge akija kuumbuliwa, na zile kilo za unga hazitaaminika.

Tatu, la shule. Kifungu cha 26 cha Sheria ya Mtoto kinasema wazazi wakitengana mtoto ana haki ya matunzo na elimu ya ubora ule ule aliokuwa nao kabla hawajatengana. Baba akitaka kumhamisha mtoto kwa sababu amehama yeye, aeleze uwezo wake umepungua wapi.

La nne ni kazi unayoanza leo usiku. Nunua daftari la kurasa 48.

MamaWawili
Niandike nini humo, mzee?

KaraniMstaafu
Kila kinachoingia kwa watoto na bei yake, tarehe kwa tarehe. Unga, mchele, maharage, mafuta, maziwa ya mdogo, sabuni, kunyoa, nauli ya gari la shule, mchango wa mtihani, dawa ya kikohozi. Risiti ikiwepo ibane kwa pini. Isipokuwepo andika umenunua wapi. Usichanganye na vitenge vyako wala mtaji wa nyanya. Fanya hivyo miezi miwili mitatu. Usiongeze chumvi: hakimu naye ana watoto na anapita soko lile lile.

Ukurasa wa nyuma andika unachokijua kuhusu kipato chake. Pikipiki mbili zina namba, vijana wana majina, hesabu inaletwa siku gani.

MhamiajiHouston
Nawasoma kutoka Marekani, mimi mwenyeji wa Kizota. Huku Texas hesabu ni fupi: mtoto mmoja asilimia 20 ya kipato cha mzazi anayelipa baada ya kodi na makato, wawili 25, watatu 30, hadi kikomo fulani cha kipato. Jaji anaweza kutoka nje ya hapo akieleza sababu, lakini kwa kawaida unajua utalipa ngapi hata kabla hujapanda ngazi za mahakama. Na kama mmoja ana hela na mwingine hana, mahakama inaweza kumwamuru mwenye hela amlipie mwenzake wakili wakati kesi inaendelea. Kwa nini Tanzania tusiwe na jedwali?

BodaChangombe
Kaka, jedwali la asilimia kwa mwajiriwa sawa. Mimi wa bodaboda asilimia 25 ya nini? Wiki ya Bunge nalaza elfu thelathini, Bunge likiahirishwa nalaza elfu saba na tairi limepasuka.

Na nisemee wanaume kidogo hapa kabla uzi haujawa wa upande mmoja. Nina amri ya matunzo, elfu sitini, mtoto mmoja. Silalamikii kulipa. Nalalamika kwamba mwaka wa kwanza nilikuwa nampa mama yake mkononi, pale kituoni, mbele ya watu hata. Tukakosana akaenda kusema sijatoa miezi tisa. Mashahidi wangu wote ni bodaboda, kila mmoja siku ya kesi ana abiria. Nikalipa mara mbili. Tangu hapo natuma kwa simu tu, na sehemu ya maelezo naandika "matunzo ya Juni". Ujumbe naupiga picha, natunza. Hata akiniomba mkononi tukiwa tumesimama pamoja, natuma kwa simu, anasoma, ndiyo naondoka.

BintiKondoa
Kwa hiyo na wewe una daftari lako 😄

BodaChangombe
Langu liko kwenye simu, dada.

WakiliKizota
Mzee Karani kaeleza vizuri, nisirudie. Mimi ni wakili, nizungumzie hizo gharama, maana vitisho vya "utalipa wakili wangu" nimevisikia sana.

Kuna vitu viwili. Ada ya wakili wako ni makubaliano kati yako na yeye, na ni ya kwako. Yaandikwe: kiasi, kinahusu hatua zipi, rufaa imo au haimo. Milioni mbili aliyotajiwa mama hapa si wizi, kwa kesi yenye mgawanyo wa nyumba ni bei unayoweza kuisikia, lakini hakuna sheria inayomlazimisha kuichukua.

Kitu cha pili ni gharama za shauri, yaani mahakama kuamuru upande mmoja urudishie mwingine alichotumia. Kwa kawaida kesi za madai aliyeshinda hulipwa, ila ni hiari ya mahakama, na hiari hiyo lazima iwe na sababu. Kwenye kesi za ndoa utakuta mara nyingi sana mstari wa mwisho wa hukumu unasema kila upande ubebe gharama zake. Sababu iko wazi: hawa watu wataendelea kulea pamoja, ukimtwisha mmoja deni la mwenzake umewaongezea ugomvi, na hela hiyo inatoka kwenye sahani ile ile ya mtoto.

Hata zikiamriwa, hakuna kutaja tu "nimetumia milioni tano". Anatakiwa kuwasilisha mchanganuo ndani ya siku 60 tangu amri itolewe, na kuna ofisa wa mahakama anayekadiria kila mstari kwa kufuata kanuni za malipo ya mawakili za 2015. Nimeona michanganuo ikiingia minene ikatoka myembamba. Mume wako amekutisha kwa kitu asichokijua.

Kuhusu Houston: kwetu si kawaida mahakama kuamuru mume akulipie wakili kesi ikiendelea. Ila sheria inaruhusu kuomba matunzo ya muda, yako na ya watoto, shauri likiwa bado linasikilizwa. Liombe siku za mwanzo kabisa. Kesi ya ndoa inaweza kuchukua miezi na watoto hawasubiri hukumu ndiyo wale.

MamaWawili
Asante wakili. Kwa hiyo mimi wa genge nifanyeje?

WakiliKizota
Mahakama ya mwanzo ina mamlaka ya kusikiliza mashauri ya ndoa, hata ndoa ya kanisani, sawa na mahakama ya wilaya. Lugha ni Kiswahili. Huhitaji wakili kule. Kuandika nenda kwa wasaidizi wa kisheria waliosajiliwa. Tuna Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017 na huduma yao ni bure kwa asiye na uwezo. Kampeni ya msaada wa kisheria ya Mama Samia nayo imekuwa ikizunguka mikoani tangu 2023. Waulize ustawi wa jamii, watakuelekeza. Anayekuambia "mimi namjua karani, nipe laki moja" nje ya geti, ni kishoka huyo, mpite.

KaraniMstaafu
Na karani mwenyewe hamjui.

MfaranyakiBado
Samahani kuingilia. Mimi niko Singida, hatukufunga ndoa yoyote, tumeishi mwaka wa sita, mtoto mmoja. Mwenzangu anasema bila cheti sina pa kwenda.

WakiliKizota
Anakudanganya au amedanganywa. Mkiishi pamoja miaka miwili au zaidi na watu wakawajua kama mume na mke, kifungu cha 160 cha Sheria ya Ndoa kinachukulia kuwa mlifunga ndoa, hadi ithibitishwe vinginevyo. Na hata ikithibitishwa hamkufunga, mahakama bado ina mamlaka ya kuamuru matunzo. Mtoto ndiyo kabisa, yeye hahitaji cheti chenu. Fungua uzi wako tusimzibe mama.

ShemejiMkali
Mnamfundisha huyu dada kumkamua mwanaume. Yeye ndiye aliyevunja ndoa kwa mdomo, namjua mumewe. Mahakama iangalie nani kaharibu.

WakiliKizota
Itaangalia, kwenye matunzo ya mke. Hapo sheria inaruhusu kupima nani alichangia ndoa kuvunjika. Kwenye matunzo ya mtoto hakuna kipimo hicho. Mdomo wa mama haupunguzi njaa ya mtoto wa miaka mitano.

MlimajiHombolo
Na wewe shemeji, kama unamjua mumewe, mwambie alete unga.

MamaWawili
Wakuu, nimerudi. Ni miezi saba tangu nianzishe uzi huu, mnisamehe kimya. Nitaeleza ilivyokuwa maana wengi mmenitumia ujumbe.

Baraza la kata tulikaa mara mbili, hati nikapata. Nikaisoma palepale, jina langu la kati lilikosewa, nikagoma kuondoka hadi likarekebishwa. (Mzee Karani, hapo nilikukumbuka.) Msaidizi wa kisheria akaniandikia madai, sikulipa kitu zaidi ya ada ya kufungulia mahakamani na nauli. Nikaenda mahakama ya mwanzo.

Mwenzangu alikuja na wakili. Tumbo lilinikata. Wakili wake akasimama akasema mteja wake ana mshahara mdogo, akatoa hati ya malipo ya mshahara. Kweli, mkononi kulikuwa kumebaki kidogo sana, mkopo wa benki unakata karibu hadi ile theluthi moja ambayo mtumishi lazima abaki nayo. Nikasema basi, imekwisha, ndiyo elfu hamsini hiyo.

Hakimu aliishika ile karatasi kwa muda. Akauliza, "Mkopo huu umeanza kukatwa lini?" Mwenzangu akataja mwezi. Hakimu akafungua jalada, akatafuta hati ya wito, akasoma tarehe aliyopokea na kusaini. Wito aliupokea tarehe 4, mkopo kachukua tarehe 19 mwezi ule ule. Akamuuliza, "Ulikopa kwa ajili gani?" Kimya. Akarudia. Akasema ni wa kujenga. "Kujenga wapi?" Ihumwa.

Halafu nikaitwa mimi. Daftari nilikuwa nimelifunga kwenye kanga. Lina mafuta ya taa ukurasa wa kwanza, lina alama ya kikombe cha chai, kurasa mbili mwanangu mdogo alichora gari. Niliona aibu kulitoa. Hakimu alilipokea, akalifungua kwa kidole kimoja hivi, akaanza kusoma. Akasoma, akasoma. Akauliza, "Hii ya Machi, tarehe 11, elfu nne, dawa. Ya nani?" Nikasema ya mdogo, alikuwa na kikohozi, duka la dawa la karibu na stendi ya daladala. "Na hii, kunyoa, elfu moja mara mbili?" Wote wawili mheshimiwa, mmoja elfu moja. Akacheka kidogo. Wakili wa mwenzangu akasema daftari linaweza kuandikwa na mtu yeyote usiku mmoja. Hakimu akalinyanyua, akamwonyesha wino: kuna bluu, kuna nyeusi, kuna penseli, kuna ukurasa umeandikwa kwa kalamu nyekundu ya mwanangu ya kusahihishia. Akasema, "Usiku huo ulikuwa na kalamu nyingi." Hilo ndilo lililonitoa machozi, sijui kwa nini. Miaka kumi na moja yote ya ndoa sikulia, nikalilia kalamu.

Vijana wa pikipiki mmoja alikuja kutoa ushahidi, mwingine aliogopa. Aliyekuja alisema anampelekea baba hesabu ya elfu nane kwa siku, siku sita kwa wiki, na akaonyesha ujumbe wa simu wa kutuma.

Jumla niliyoonyesha kwa mwezi, watoto tu, ilikuwa 385,000 bila ada. Amri imetoka hivi: baba atoe 230,000 kila mwezi kabla ya tarehe 5, ada ya mkubwa ailipe mwenyewe moja kwa moja shuleni hadi amalize shule ya msingi, na watoto wasiondolewe kwenye bima ya kazini kwake. Kilichobaki ni cha kwangu mimi na genge. Wote wawili nakaa nao. Mdogo yuko chini ya miaka saba, na sheria inadhania mtoto wa umri huo ni vizuri awe kwa mama. Mkubwa hakimu alimwita pembeni, sijui waliongea nini, alitoka anatabasamu na pipi. Baba atawachukua Jumamosi mbili kwa mwezi na nusu ya likizo.

Wakili wake aliomba gharama. Hakimu: kila upande ubebe zake. Mstari mmoja.

Nyumba sitaizungumzia hapa, itahitaji uzi wake. Niseme tu, walipodai sikuchangia kwa kuwa tofali zote alinunua yeye, hakimu aliwakumbusha kesi ya Bi Hawa Mohamed ya 1983, kwamba kazi ya nyumbani nayo ni mchango.

WakiliKizota
Hongera sana mama. Kwa wasomaji, kesi hiyo ya Bi Hawa ina upande ambao watu hawausemi: Mahakama ya Rufani ilikubali kwamba kazi za nyumbani ni mchango, lakini yeye mwenyewe hakuambulia mgao, kwa kuwa ilionekana mume alishampa fedha akazitapanya. Kanuni aliishinda, fungu akalikosa. Wanawake wote waliokuja nyuma yake ndio wanaokula matunda.

BwanaMajengo
Usiku huo ulikuwa na kalamu nyingi 😂😂 Hakimu huyo apewe maua yake.

BodaChangombe
Hongera dada, ila na mimi niulize. Akipunguzwa kazi kesho? Elfu 230 inabaki pale pale?

KaraniMstaafu
Anarudi mahakama ile ile kuomba amri ibadilishwe, kwa sababu hali imebadilika. Kifungu cha 133. Asichotakiwa kufanya ni kuacha kulipa kimyakimya halafu aje kueleza baadaye, maana malimbikizo yanahesabika. Na wewe MamaWawili, asipolipa usimfuate Ihumwa kugombana. Peleka maombi ya kukazia hukumu, yaani mahakama imlazimishe kulipa. Mwajiriwa ni rahisi, mahakama inaweza kuamuru mwajiri akate mshahara moja kwa moja.

MamaWawili
Mwezi wa kwanza alituma tarehe 9, pungufu elfu thelathini. Nimeandika kwenye daftari. Nimeanza la pili.

BintiKondoa
Mzee Karani, na mimi? Ile elfu arobaini yangu ni ya miaka minne iliyopita. Mtoto sasa ana kumi, anakula kama fundi, na baba yake siku hizi ana duka la vifaa vya ujenzi, si kibarua tena.

KaraniMstaafu
Mlango ni huo huo, mwanangu. Hali imebadilika pande zote mbili, ya mtoto na ya baba. Nenda na namba ya shauri lako na nakala ya amri, kama huna iombe masjala, ni haki yako. Na safari hii usiende mikono mitupu.

BintiKondoa
Nimeshaanza. Nimeazima mzani kwa jirani muuza nafaka. Leo tarehe 22, ametumia kilo tisa na nusu za unga, na mwezi haujaisha.